Mirambo, bwana wa njia: ufalme uliokaa katikati ya wakubwa

Mirambo alikuwa mtemi wa Wanyamwezi ng'ambo ya ziwa letu, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Alitawala Urambo mpaka alipofariki tarehe 2 Desemba 1884. Huku kwetu hakutawala hata siku moja. Lakini vita vyake viligusa mwambao huu juu ya biashara.

Njia ilipita wapi?

Pembe za ndovu na watumwa waliotoka Maniema walishushwa mpaka Mtowa, katika nchi ya Uguha, kwenye mwambao wetu. Hapo walipakizwa mitumbwini, wakavuka mpaka Ujiji. Kutoka Ujiji ilikuwa ni miguu tu: Tabora, kisha Bagamoyo, kisha Unguja. Nguo, shanga, bunduki na baruti zilirudi kwa njia ile ile. Sasa tazama karata: Urambo iko katikati ya Ujiji na Tabora.

Vita vya 1871

Mirambo alidai hongo, yaani kodi ya kupita. Waarabu wa Tabora walikuwa wamezoea kuweka na kuondoa watemi wa Unyanyembe wanavyotaka, wakakataa kuinamia bwana mpya. Mwezi wa nane 1871 walimshambulia, na Stanley alikuwa pamoja nao. Wakateka boma moja, lakini wakati wa kurudi, wakiwa wamebeba nyara, askari wa Mirambo walioitwa ruga-ruga waliwavizia njiani. Kiisha Mirambo mwenyewe akaingia Tabora, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa pale, akauawa.

Njia ikafungwa. Livingstone alikuwa Ujiji bila vitu, na barua zake zilikwama Tabora. Stanley alilazimika kuzunguka kusini ili amfikie.

Alikaa namna gani na majirani?

Sultani Barghash wa Unguja alituma askari, wakashindwa kumvunja. Mwishowe pande zote mbili zikapatana, maana njia ikifungwa wote wanakosa. Mwaka 1876 Mirambo alichanjiana damu na Stanley, yule yule aliyepigana naye. Mwaka 1879 akampokea Dokta Southon, mmisionari wa Kiingereza. Alitafuta marafiki wa mbali ili asitegemee Tabora. Lakini mwaka 1880 Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliuawa katika vita vya watu wake, na Kirk, balozi wa Uingereza kule Unguja, akamgeuzia mgongo.

Hakuwa wa kwanza

Miaka karibu 2,000 kabla yake, Waparthi wa Uajemi walikaa vilevile katikati: magharibi Warumi, mashariki Wachina. Hariri ilipita kwao, nao walikula faida. Mwaka 53 kabla ya Kristo waliwapiga Warumi pale Carrhae kwa wapanda farasi wenye mishale. Mwaka 97 baada ya Kristo mjumbe wa China, Gan Ying, alitaka kufika Roma. Waliomwongoza wakamtisha kwamba bahari ni ndefu mno, naye akarudi. Kwa nini wamfungulie? Wachina na Warumi wakizungumza wenyewe kwa wenyewe, mtu wa katikati anapoteza.

Nguvu zao zilikuwa njia. Hata hivyo Waparthi hawakuangushwa na Roma wala China: mwaka 224 waliangushwa na Ardashir, mtawala aliyekuwa chini yao.

Mwisho wa Urambo

Mirambo alipokufa, dola yake ililegea haraka. Iliunganishwa na yeye mwenyewe na ruga-ruga wake, siyo na desturi ya zamani. Ndugu yake Mpandashalo alimrithi, na mwaka 1890 Wajerumani walikuwa wameingia Tabora. Mwaka 1914 reli yao ilifika Kigoma, na mwaka 1915 reli ya Wabelgiji ikafika Kalemie. Mzigo ukapita Urambo bila kuuliza mtemi.

Kila anayelipa kwenye bariera leo anajua hongo ni kitu gani. Mirambo alijua pia upande wa pili: mwenye kudai anahitaji wapitaji wasichoke, wala wasipate njia nyingine.