Fungu la Jirani

Sisi tukaao Shirimatunda, mjini Moshi, twaijua njia iendayo Himo hata Holili. Ng'ambo ya mpaka ni Taveta, nchi ya Kenya. Njia hiyo yatukumbusha habari za msaada baina ya majirani.

Mwaka 1967 Kenya, Uganda na Tanzania zilifanya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa kuwa Kenya ilikwisha kutangulia kwa viwanda, ikawekwa Benki ya Maendeleo. Mtaji wake nchi tatu zilitoa sawasawa, lakini mikopo haikugawanywa sawa: Tanzania na Uganda zilipangiwa kila moja asilimia 38.75, na Kenya 22.5. Yaani aliyetangulia alikubali fungu dogo, ili wenzake wamfikie.

Shauri lilikuwa jema, lakini manung'uniko hayakukoma. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, na mpaka ukafungwa hata Novemba 1983. Walioumia kwanza ndio wakaao mpakani.

Walakini benki haikufa. Mwaka 1980 ilipata mkataba mpya. Jumuiya nayo ikafufuliwa kwa mkataba wa Arusha wa 1999. Umoja wa forodha ulipoanza mwaka 2005, msaada ulipata sura nyingine: baadhi ya bidhaa za Kenya zilitozwa ushuru zikiingia kwetu, ukipunguzwa mwaka kwa mwaka hata 2010, na bidhaa zetu zikaingia Kenya pasipo ushuru.

Basi twajifunza ya kuwa hesabu yaweza kugawa mafungu, bali kuaminiana ndiko kuachako njia wazi.