Waseminari 40 wa Buta: Imani, Mateso na Kukataa Kutenganishwa

Utangulizi

Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, waasi wenye silaha waliivamia Seminari Ndogo ya Buta, mkoani Bururi, kusini mwa Burundi. Waliingia mabwenini na kuwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande wa pili. Wanafunzi hawakujitenga. Waasi wakatupa maguruneti na kufyatua risasi. Waseminari 40 waliuawa, Wahutu kwa Watutsi, wengi wao wakiwa vijana wadogo kuliko sisi tunaosoma chuo kikuu leo.

Habari hii inajulikana. Kila mwaka mahujaji huenda Buta kusali kwenye makaburi ya vijana hao, na mapadri huitaja katika mahubiri. Kwa kuwa inajulikana, mara nyingi huelezwa kwa haraka, kana kwamba jambo lenyewe ni jepesi: walikuwa vijana wa imani, kwa hiyo walikufa vizuri. Insha hii inakusudia kuchunguza kauli hiyo. Ni imani ya namna gani iliyowawezesha kufanya walichofanya? Je, kifo chao kinaweza kuitwa ufiadini, ilhali hakuna aliyewataka wamkane Kristo? Na kumbukumbu yao inatudai nini sisi, kizazi kilichozaliwa baada yao?

Shule katika nchi iliyogawanyika

Mauaji ya Buta hayawezi kueleweka bila yaliyotangulia. Mwaka 1972, mauaji ambayo Warundi huyaita ikiza yaliangamiza Wahutu wengi, hasa wasomi, walimu, watumishi wa serikali na wanafunzi. Familia nyingi hazikuruhusiwa hata kuomboleza hadharani. Tarehe 21 Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye, Mhutu wa kwanza kuchaguliwa kuwa rais, aliuawa na wanajeshi baada ya miezi mitatu tu madarakani. Watutsi wengi waliuawa vijijini kwa kulipiza kisasi, jeshi nalo likawaua Wahutu, na vita vikaanza.

Shule hazikusalimika. Oktoba hiyohiyo, wanafunzi Watutsi wa shule ya Kibimba walichomwa moto ndani ya jengo la kituo cha mafuta. Hapa Bujumbura, vita viligawa mitaa: Kamenge na Kinama zikabaki za Wahutu, Ngagara, Nyakabiga na Musaga zikawa za Watutsi. Juni 1995, wanafunzi Wahutu wa Chuo Kikuu cha Burundi waliuawa usiku katika kampasi ya Mutanga, na miongoni mwa wauaji walikuwemo wanafunzi wenzao.

Mifano hii miwili ni muhimu kwa hoja yangu. Kibimba ilikuwa shule iliyoanzishwa na wamisionari Wakristo, Waquaker, ambao wanafahamika duniani kwa kupinga vita. Wanafunzi wa Mutanga wengi walikuwa wamebatizwa. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba elimu ilitosha kuwazuia vijana wasiuane, wala kwamba ubatizo ulitosha. Kama Buta ilikuwa tofauti, sababu lazima itafutwe Buta kwenyewe.

Buta kabla ya shambulio

Chanzo chetu kikuu ni Padri Zacharie Bukuru, aliyekuwa gombera wa seminari hiyo, ambaye baadaye aliandika kitabu kuhusu vijana hao. Msomaji wa historia anapaswa kukumbuka kwamba Bukuru alikuwa mlezi wao, na kwamba aliandika akiwa na majonzi ya mzazi. Hata hivyo maelezo yake yana jambo ambalo simulizi za mahubirini huliruka: kazi iliyofanyika kabla.

Kwa mujibu wa Bukuru, baada ya Oktoba 1993 hofu iliingia hata Buta. Wanafunzi walisikia habari za ndugu zao waliouawa, wakaanza kutazamana kwa mashaka. Uongozi ungeweza kunyamaza, kama zilivyofanya shule nyingi, kwa matumaini kwamba ukimya ungeleta utulivu. Badala yake waliruhusu mazungumzo. Wanafunzi walizungumza waziwazi kuhusu Uhutu na Ututsi, kuhusu historia ya nchi, na kuhusu yaliyowapata nyumbani. Walicheza pamoja, wakacheza ngoma pamoja, wakasali pamoja. Muda mfupi kabla ya shambulio, wanafunzi wa darasa la mwisho walikuwa wametoka katika mafungo ya kiroho.

Kwa hiyo kilichotokea alfajiri ile hakikuzuka alfajiri ile. Mtu aliyeamshwa usingizini na bunduki hana nafasi ya kutafakari teolojia. Hufanya kile ambacho mwili na moyo vimezoea kufanya. Waseminari wa Buta walikuwa wamejizoeza kwa zaidi ya miaka mitatu kukaa pamoja, na kukaa pamoja ndiko walikochagua walipoamriwa watengane. Bukuru anasimulia kwamba alipofika kwa majeruhi, mmoja wao alimwambia kwamba wameshinda, kwa maana waliambiwa wajitenge wakakataa. Kijana huyo aliupima ushindi kwa kipimo tofauti na cha kunusurika.

Mitazamo mitatu kuhusu mateso

Wakristo wa Burundi, kama Wakristo wa kwingineko, wameyaeleza mateso kwa njia zaidi ya moja. Njia ya kwanza ni adhabu: nchi imetenda dhambi, Mungu anaiadhibu. Maelezo haya huwafariji wengine kwa sababu yanaupa msiba mpangilio. Lakini Biblia yenyewe inayatilia shaka. Kitabu cha Ayubu kinawakemea marafiki wanaomwambia mgonjwa kwamba amejitakia, na katika Injili ya Luka, Yesu anakataa kusema kwamba watu walioangukiwa na mnara wa Siloamu walikuwa wakosefu kuliko wengine. Ni nani atakayethubutu kumwambia mama wa mwanafunzi wa Buta kwamba mwanawe aliadhibiwa?

Njia ya pili ni mpango: Mungu alitaka iwe hivi ili litoke jambo jema. Mtazamo huu husikika sana misibani, nasi tunauheshimu kama maneno ya kumshika mkono mfiwa. Ukichukuliwa kama maelezo ya kihistoria, una hatari. Ikiwa Mungu ndiye aliyepanga, basi aliyetupa guruneti alikuwa mtumishi tu, na aliyetoa amri hana la kujibu. Historia inasisitiza kwamba mauaji ya Buta yalipangwa na watu, kwa malengo ya watu, katika vita vya kugombea madaraka.

Njia ya tatu ni ushuhuda. Hapa mateso hayapewi sifa yoyote kwa kuwa mateso. Ni uovu, na uovu unabaki kuwa uovu. Mwenye maana ni mtu anayekataa uovu huo umgeuze awe kama wanaomtesa. Msalaba, kwa mtazamo huu, hausifu maumivu. Unaonyesha upendo uliofika mwisho bila kugeuka. Naona kwamba Buta inaeleweka vizuri zaidi kwa njia hii ya tatu. Vijana wale hawakuyatafuta mauti. Walitaka kufanya mitihani, kucheza mpira, wengine kuwa mapadri. Wapo waliotoroka wakaokoka, na kuokoka kwao hakukupunguza imani yao hata chembe. Lililokataliwa Buta lilikuwa jambo moja tu: kuyanunua maisha yangu kwa kumkabidhi mwenzangu.

Je, ni ufiadini?

Tukisikia neno mfiadini, Waafrika Mashariki wengi huwakumbuka Wafiadini wa Uganda. Karoli Lwanga na wenzake walichomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga, na Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu mwaka 1964 pamoja na wenzao, Wakatoliki 22 kwa jumla. Waanglikana nao waliuawa siku zizo hizo. Katika habari hiyo mpaka uko wazi: vijana wa ikulu walitakiwa kumtii mfalme kuliko Mungu wao, wakakataa.

Buta hakuna aliyeulizwa kuhusu Mungu. Waasi wengi nao walikuwa wamebatizwa. Kwa desturi, Kanisa humwita mfiadini yule aliyeuawa kwa chuki dhidi ya imani, na mtu anaweza kuhoji: je, hii haikuwa chuki ya kikabila tu? Hoja hii ina uzito. Hata hivyo, tukiitazama amri yenyewe, tunaona kwamba ilikuwa swali la imani lililovaa nguo za siasa. Kumwambia Mkristo aonyeshe nani kati ya ndugu zake afe ni kumwambia akane kwamba ni ndugu zake. Mwaka 2019 Kanisa Katoliki la Burundi lilifungua mchakato wa kuwatangaza wenyeheri. Liliwaweka katika kundi moja na Padri Michel Kayoya, mwandishi aliyeuawa Gitega mwezi Mei 1972, pamoja na wamisionari wawili wa Shirika la Waksaveri na mlei Katina Gubert, waliouawa Buyengero tarehe 30 Septemba 1995. Wote wameitwa mashahidi wa udugu.

Uamuzi huo una maana ya kihistoria. Kayoya, Mhutu, aliuawa chini ya utawala wa Watutsi. Waseminari, wa makabila yote mawili, waliuawa na waasi ambao wengi wao walikuwa Wahutu. Kuwaweka pamoja ni kukataa kuhesabu wafu wa upande mmoja tu.

Nyange, jirani wa Buta

Wiki sita kabla ya Buta, usiku wa tarehe 18 Machi 1997, jambo lilelile lilitokea katika shule ya sekondari ya Nyange, magharibi mwa Rwanda. Washambuliaji waliwaamuru wanafunzi wajitenge. Wakajibu kwamba wao ni Wanyarwanda. Sita waliuawa usiku huo. Serikali ya Rwanda imewatambua wanafunzi wa Nyange kuwa mashujaa wa taifa wa daraja la Imena.

Nyange hiyohiyo ina kumbukumbu nyingine. Aprili 1994, Watutsi 1,500 hivi waliokimbilia kanisa la parokia waliangushiwa kanisa hilo kwa tingatinga. Padri Athanase Seromba, aliyekuwa akiiongoza parokia, alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa iliyokuwa Arusha, na mwaka 2008 adhabu yake ikaongezwa kuwa kifungo cha maisha. Padri mwenye daraja takatifu upande mmoja, wanafunzi wa sekondari upande mwingine, kijiji kimoja. Mfano huu unathibitisha tuliyoyaona Kibimba: jina la Kikristo halimlindi mtu dhidi ya kuwa muuaji. Kinachohesabika ni jinsi imani inavyomfundisha mtu kumtazama jirani siku za kawaida.

Hitimisho

Insha hii imejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, ujasiri wa Buta uliandaliwa na malezi ya mazungumzo na maisha ya pamoja. Pili, maana ya kifo chao haimo katika mateso yenyewe, wala katika mpango uliofichika. Imo katika kukataa kwao. Tatu, udugu waliofia ulikuwa sehemu ya imani yao, kwa hiyo jina la ufiadini linawafaa.

Linabaki dai lao kwetu. Mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua mabaki ya watu zaidi ya 6,000 katika makaburi ya halaiki ya mkoa wa Karusi, na nchi bado inajadiliana ni nani wakumbukwe, kwa jina gani na tarehe gani. Katika mabweni yetu mjadala huo mara nyingi hufanyika kwa minong'ono, kila mmoja na wa kwao. Buta ilijaribu njia nyingine: wanafunzi walizungumza kwa sauti, wote chumba kimoja, kabla adui hajafika mlangoni. Kwenda kuhiji kwenye makaburi 40 ni jambo jema. Kuzungumza hivyo Mutanga, ambako wanafunzi wenzetu waliuawa mwaka 1995, kungekuwa heshima kubwa zaidi kwa vijana wale, na kazi hiyo haimsubiri padri wala serikali.