Msafara, Kamera na Penseli: Picha za Safari za Miguu katika Bara la Lindi

Kabla ya reli na barabara za magari, nchi ambayo leo imegawanyika katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, kati ya mto Mbwemkuru upande wa kaskazini na bonde la Lukuledi upande wa kusini, ilikuwa nchi ya kupitwa kwa miguu. Wenyeji wake wengi walikuwa Wamwera, wakiwa na Wayao, Wamakua na Wamakonde kwa majirani, na njia zilizowapitia ziliunganisha bandari za Kilwa Kivinje na Lindi na pande za ziwa Nyasa. Pembe za ndovu na watumwa viliteremka pwani. Shanga, baruti na merikani, yaani kitambaa cha pamba kilichopewa jina la nchi kilikotoka, vilipanda bara. Wageni walioandika juu ya safari za kusini hii hawakukosekana: David Livingstone alianzia Mikindani mwaka 1866, na mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaongoza watumwa walioachwa huru kutoka Lindi akikusudia kufika Nyasa, lakini wao wakaipenda Masasi na kukaa hapo. Maandishi, basi, yalitangulia. Mkusanyo mkubwa wa picha ulifuata mwaka 1906, alipofika Mjerumani Karl Weule wa Makumbusho ya Leipzig.

Weule alikuwa mtaalamu wa ethnografia, yaani elimu ya mila na maisha ya jamii mbalimbali, na safari yake ilikusudiwa kwenda Kondoa Irangi; kwa kuwa huko kulikuwa na fujo, alielekezwa kusini. Mnamo Julai 1906 aliondoka Lindi kwa miguu, akafuata bonde la Lukuledi kupitia Nyangao hadi Masasi, kisha akapanda uwanda wa juu wa Makonde, Newala na Mahuta. Hakuingia ndani sana ya nchi ya Wamwera, lakini alipita ukingoni mwake, tena wakati mbaya. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeiunguza misheni ya Nyangao Agosti 1905, na adhabu ya Wajerumani, iliyokuwa kuchoma vijiji na mashamba, ilikuwa imeleta njaa. Msafara wake ulilindwa na askari wenye bunduki. Msomaji anayezitazama picha zile leo hana budi kulikumbuka jambo hilo: mtu aliyesimama wima mbele ya kamera, akitazama mbele bila tabasamu, hakuwa na uhuru mkubwa wa kukataa.

Vyombo vyenyewe vilikuwa mzigo, na neno hilo lilikuwa na maana maalumu katika kazi ya upagazi: furushi au sanduku lenye uzito wa karibu ratili 60, lililobebwa na mtu mmoja kichwani au begani, wakati mwingine kwa mtenga, yaani mti ambao vitu hufungwa kwenye ncha zake. Weule alikuwa na kamera ya sahani za kioo, ambazo zikianguka zimekwisha. Alikuwa na fonografu, mashine ya kunasa sauti juu ya mitungi ya nta, nayo nta haipatani na jua la bara. Tena alikuwa na mashine ya filamu, kitu kilichokuwa bado kipya hata Ulaya. Wapagazi wake wengi walikuwa Wanyamwezi, watu waliojulikana pwani nzima kwa kazi hiyo, waliotembea chini ya mnyampara, yaani msimamizi wa wapagazi, na kupokea posho, chakula cha siku. Kila picha ya unyago, ya mhunzi au ya mwanamke mwenye ndonya, pambo la mdomo, ilifika Leipzig kwa sababu kwanza ilifika Lindi juu ya vichwa vya watu hao.

Jambo la thamani zaidi katika mkusanyo ule, hata hivyo, halikutoka katika kamera. Weule aliwagawia watu karatasi na penseli, akawaomba wachore walichotaka, na mmoja wa waliochora alikuwa mnyampara wake, aliyeitwa Pesa Mbili, jina lenye kila dalili ya kuwa la utani. Alichora msafara ukiwa mwendoni. Picha za kamera za wakati ule zilidai watu watulie. Mchoro wa Pesa Mbili unawaonyesha wakienda, kwa jicho la mtu ambaye mwendo ndio uliokuwa kazi yake. Mchoro huo ulichapishwa katika kitabu cha Weule cha mwaka 1908, kilichotafsiriwa kwa Kiingereza na Alice Werner mwaka uliofuata, na hivyo mpagazi akawa mmoja wa wasimulizi wa safari ambayo kwa kawaida ingesimuliwa na bwana mwenye kamera peke yake. Ni dhuluma ndogo ya historia kwamba mchoro huo hutajwa kama kichekesho cha pembeni, ilhali ni hati.

Nachingwea yenyewe ilikuja kujulikana ulimwenguni baadaye, kwa mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ukiacha reli ambayo nayo haikudumu: ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miguu ikarudi kazini kwa sababu nyingine kabisa. Katika mojawapo ya mashamba ya mpango huo, lililoitwa Farm 17, chama cha FRELIMO, kilichopigania ukombozi wa Msumbiji, kilifungua kambi ya mafunzo ya kijeshi, na kutoka huko wapiganaji walielekea mto Ruvuma na kuingia Msumbiji, ambako silaha, dawa na chakula vilisafirishwa kwa wingi kichwani, kama zamani. Wanawake walianza kupata mafunzo hapo mwaka 1967, nao wakabeba sehemu kubwa ya mizigo hiyo. Mwaka 1971 Mmarekani mweusi Robert Van Lierop aliingia Msumbiji akitokea Tanzania, akatembea na wapiganaji na kutengeneza filamu ya A Luta Continua, iliyotoka mwaka 1972 na kuonyeshwa katika mikutano ya kuunga mkono ukombozi. Tofauti yake na safari ya Weule ni kubwa: safari hii waliopigwa picha ndio waliotaka picha hizo zisambae.

Mkusanyo wa Weule bado umo katika makumbusho ya Leipzig. Halmashauri za Nachingwea, Ruangwa na Masasi, pamoja na Makumbusho ya Taifa, zingefanya vyema kuomba nakala na kuzipeleka katika shule na vijiji vya bonde la Lukuledi sasa, wakati bado wapo wazee wanaoweza kutambua mlima, kisima au mtindo wa chale na kuyataja majina ambayo mpiga picha hakuyaandika.