Blanketi la Linus

Watoto wetu hapa Marekani wanamjua mbwa Snoopy wa katuni za Peanuts, zilizoanza magazetini mwaka 1950. Mchoraji wake, Charles Schulz, alimchora humo pia mtoto aitwaye Linus, ambaye tangu 1954 haachani na blanketi lake. Akinyang'anywa, hana raha.

Wasomaji walicheka, lakini jambo lenyewe ni la kweli. Mwaka 1953 daktari wa watoto wa Uingereza, Donald Winnicott, alichapisha makala akieleza jinsi mtoto mdogo anavyoshika kitambaa au mwanasesere ili ajiliwaze mama anapokuwa mbali.

Mkesha wa Krismasi ya 1995, Karen Loucks wa Colorado alisoma habari za mtoto mwenye saratani ya damu, aliyefarijiwa na blanketi lake wakati wa matibabu makali. Akaanza kukusanya mablanketi kwa ajili ya kituo cha watoto wenye saratani mjini Denver, na kazi hiyo akaiita Project Linus. Blanketi sharti liwe jipya, la kazi ya mikono, na liweze kufuliwa. Mengine hufumwa kwa kroshia, rangi tele.

Ndugu wasomaji, kroshia si ngeni kwetu. Mama zetu walifuma vitambaa vya kupambia makochi. Tusipowafundisha wanetu, ufundi huo utakwisha nasi huku ugenini. Tukiwafundisha, utamfikia hata mtoto asiyetujua, akiwa amelazwa. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.