Kandirinya ya Msafiri katika Nchi ya Usukuma

Mtu akusudiaye safari ya miguu, atakayelala porini usiku mmoja au zaidi na kuchukua maakuli yake mgongoni, hana budi kujiuliza kwanza atachemsha maji katika chombo gani na kwa kuni zipi. Na ijapokuwa siku hizi swali hili huulizwa aghalabu na wapanda milima na vijana wapendao kupiga kambi, katika nchi iliyo baina ya Shinyanga na machimbo ya dhahabu ya Geita limeulizwa na kujibiwa tangu zama za misafara ya wapagazi, na kila kizazi kimelijibu kwa kadiri ya miti iliyokuwapo. Kwa hiyo taarikhi ya chombo cha msafiri wa huku haiwezi kusimuliwa mbali na taarikhi ya misitu yake, na atakaye kuchagua birika leo atafaidika sana akizijua zote mbili.

Katika karne ya kumi na tisa, Wanyamwezi na Wasukuma waliposhika kazi ya uchukuzi baina ya bara na pwani, mzigo wa mpagazi ulikadiriwa kwa desturi kuwa frasila mbili, yaani ratili 70 hivi, na juu ya mzigo huo wa tajiri mtu alikuwa bado na vitu vyake mwenyewe: mkeka wa kulalia, kibuyu cha maji, silaha yake, na fungu lake la nafaka. Chungu au sufuria haikuwa mali ya kila mtu, bali wapagazi waligawanyika makundi makundi, kila kundi likala chungu kimoja na kulala mahali pamoja, na kundi hilo wenyewe waliliita kambi. Walipotua jioni, wengine walikata miiba ya kuzungushia boma, wengine wakateka maji, wengine wakaokota kuni, na wengine wakatafuta mawe matatu yanayolingana kimo. Maana jiko lilikuwa kitu kisichobebwa hata kidogo, likikutwa palepale kambini na kuachwa palepale kwa wajao nyuma. Chombo chenyewe kilikuwa na kinywa kipana, kwa kuwa kilitakiwa kusonga ugali wa mtama kabla ya kitu kingine chochote, na kwa chombo kipana namna ile juu ya mafiga matatu ya wazi moto mwingi hupotea pembeni; walakini mpagazi hakuwa na sababu ya kuhesabu kuni, kwani sehemu kubwa ya njia itokayo Unyanyembe, upande wa Tabora, kwenda kaskazini ilipita katika miyombo na migunga, na adui yake alikuwa uzito. Nadhani wale wawachekao watu wa kale kwa kupoteza moto hawakupata kuchukua frasila mbili kichwani.

Pwani mambo yalikuwa mengine. Mwuza kahawa wa Unguja na Mombasa alitembea mitaani na dele lake la shaba, chini yake makaa yamewaka katika kichomeo kidogo kilichoshikamana na chombo, akigonganisha vikombe ili wateja wamsikie. Na katika nyumba za wenye nafasi kulikuwa na samawari, ambayo moto wake hukaa katika bomba lililosimama katikati ya maji yenyewe. Hikima ya vyombo hivi viwili ni moja, nayo ni kuufunga moto pamoja na maji mahali pamoja ili usipotee, na mji ambao makaa hununuliwa kwa fedha huijua hikima hiyo mapema kuliko pori ambalo kuni ni za bure. Matajiri Waarabu waliokaa Unyanyembe hawakuacha kahawa yao kwa kuwa wamekaa bara, lakini mpagazi aliyeyachukua majora na shanga zao hakuiona haja ya vyombo vya namna ile.

Maji ya kuchemka yalipata kufanya kazi nyingine pia katika nchi hii, na kazi hiyo inastahili kukumbukwa. Tarehe 9 Julai 1858, John Hanning Speke aliondoka Kazeh, karibu na Tabora ya leo, akamwacha mwenziwe Richard Burton mgonjwa, akaelekea kaskazini kwa nchi ya Wasukuma hata akalifikia ziwa lile kubwa karibu na Mwanza mwanzoni mwa Agosti, akaliita kwa jina la malkia wake. Vyombo vingi vya kupimia walivyotoka navyo pwani vilikuwa vimekwisha haribika njiani. Basi ili kujua kimo cha ziwa juu ya bahari ilimlazimu kutumia njia ya wasafiri wa zama zile, nayo ni kuchemsha maji na kutia kipimajoto ndani yake. Kwa kuwa hewa hupungua uzito kadiri mtu apandavyo, maji huchemka kwa joto dogo zaidi juu kuliko pwani, na tofauti ni kama nyuzi moja ya Selsiasi kwa kila mita 300. Speke alipata futi 3,740, na vipimo vya leo vinatupa mita 1,134, ambazo ni kama futi 3,720. Shabaha hiyo isitufanye tukasahau kwamba miezi michache nyuma, kwa njia hiyohiyo, walipima Ziwa Tanganyika wakapata futi 1,850, nalo kwa hakika limezidi 2,500; lakini kwamba sufuria ya maji juu ya moto wa kuni ilitosha kumwambia mtu yu juu ya bahari kiasi gani, hilo ni jambo la fakhari kwa moto wa kambini. Na faida yake haijaisha: msafiri wa Shinyanga au Geita ajue kwamba maji yake yatachemka yapatapo nyuzi 96 hivi, kwa hiyo chai haitamchelewesha, ila maharage yatamdai kuni zaidi kuliko yanavyomdai mtu wa Tanga.

Moto wa Geita wenyewe ni wa kale kuliko dhahabu. Kabla mgeni yeyote hajachimba mwamba huko, Warongo, mafundi wa kuyeyusha chuma wa kusini mwa ziwa, walikuwa wakichoma makaa ya miti migumu na kuvukuta tanuru zao, na majembe yao yaliuzwa kwa Wasukuma na kupita mbali zaidi. Upande wa mashariki, vijana wa Usukuma nao walikuwa na misafara yao ya kufuata chumvi mpaka Ziwa Eyasi, kwa miguu, katika nchi kavu ambayo maji ni tabu kuliko kuni. Safari hiyo ilikuwa mtihani wa ujana, na mtu alirudi na mzigo wa chumvi na jina jipya mbele ya wenziwe.

Kisha yakaja mageuzi ambayo alama zake hazijafutika. Katika miaka ya 1920, serikali ya Kiingereza ilimtuma Charles Swynnerton kupambana na ndorobo aenezaye malale, na Shinyanga ikafanywa makao ya uchunguzi wa mdudu huyo. Kwa kuwa ndorobo hukaa kivulini mwa vichaka, dawa iliyopatikana ni kuviondoa vichaka: majani yaliachwa yakauke mpaka mwisho wa kiangazi, ndipo yakachomwa kwa moto mkali kwa pamoja, na watu wakatoka kwa maelfu na mashoka kukata miti, kwa maongozi ya watemi wao, mashuhuri kati yao akiwa Mtemi Makwaia wa Usiha. Haifai kuwalaumu. Ng'ombe walikuwa wakifa, malale yaliwaua watu, na ardhi iliyosafishwa ililisha mifugo na kuzaa pamba iliyosomesha watoto wengi. Lakini miti iliyokatwa haikurudi, ng'ombe wakaongezeka, mashamba ya pamba yakapanuka, na kuhamishwa kwa watu katika vijiji vya pamoja katika miaka ya 1970 kukavunja hifadhi nyingi zilizokuwa zimesalia karibu na makazi ya zamani; hata mwanamke wa Shinyanga aliyezaliwa katika nchi ya migunga akajikuta anapikia mabua ya pamba, mabua ya mtama na samadi kavu ya ng'ombe, au anatembea nusu siku kutafuta mzigo mmoja wa kuni.

Hapo ndipo nchi ilipolazimishwa kujifunza hesabu ya kuni. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao watu huuita HASHI, na busara yake kubwa ilikuwa kuacha kulazimisha miche ya kigeni na kurudia ngitili, desturi ya Wasukuma ya kuitenga sehemu ya malisho wakati wa masika ili ndama na maksai dhaifu wapate cha kula kiangazi. Palipofungwa, visiki vilivyodhaniwa kuwa vimekufa vilichipua vyenyewe, kwa sababu mizizi ilikuwa hai chini ya vumbi. Hekta zilizoandikwa mwanzoni zilikuwa kama 600 tu. Baada ya miaka kumi na mitano hivi zilikwisha kuzidi 300,000, zikilindwa kwa amri za dagashida, yaani baraza la jadi la Wasukuma, na kwa faini ambazo wenyeji wenyewe walizikubali. Mkazi huruhusiwa kuokota vijiti vikavu, bali kukata mti mbichi ni kosa. Msafiri apitaye humo naye amefungwa na sheria hiyohiyo, na ni haki, kwa kuwa kila tawi pale limelipiwa kwa uvumilivu wa watu.

Geita ilikwenda njia nyingine. Dhahabu yake ilijulikana tangu 1898, zama za Wadachi. Mgodi mkubwa ulifanya kazi kutoka 1936 hata 1966, na mwingine ukafunguliwa mwaka 2000, lakini moto ninaoutaja ni wa wachimbaji wadogo, wa Nyarugusu, Lwamgasa na Mgusu, ambao duara zao hushikiliwa na matimba ya miti iliyokatwa msituni, na kambi zao huota kwa majuma machache pindi habari ya mwamba mzuri inapoenea. Huko mama ntilie huamka kabla ya alfajiri, akatenga birika kubwa la bati juu ya jiko la mkaa, na chai ya rangi yenye tangawizi ndiyo imfikishayo mchimbaji kwenye zamu yake. Jambo moja sharti lisemwe waziwazi kwa kila aendaye huko: dhahabu iliyokamatwa kwa zebaki huchomwa ili zebaki itoke, na mara nyingi huchomwa katika kikaango au kopo kwenye moto uleule wa kupikia. Mvuke wake ni sumu ya kudumu mwilini. Chombo kilichopata kuchomewa zebaki kisitiwe maji ya kunywa kamwe, na birika lisitengwe karibu na moto huo, hata kama pahali pengine pa kukinga upepo hapapatikani.

Sasa nije kwenye birika lenyewe. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, wavuvi wa Ziwa Conn huko Ireland, nchi ya mvua ambayo kuni zake huwa mbichi, walianza kutumia kandirinya ya bati yenye kuta mbili, maji yakiwa baina ya kuta na katikati pakiwa na uwazi kama dohani. Chini yake kuna sahani ya moto yenye tundu la upepo, na kuni ni vijiti vyembamba, majani makavu au maganda ya miti, vinavyodondoshwa juu kwa kupitia dohani. Moto huvutwa kwenda juu, maji yamezunguka pande zote, na kwa dakika chache yanachemka. Mtu wa pwani akiiona ataitambua mara moja kuwa ni nduguye samawari aliyevishwa nguo za safari. Kwa Shinyanga sioni chombo kifaacho zaidi, maadamu kinaridhika na kile ambacho sheria ya ngitili inaruhusu: vijiti vilivyoanguka, bua la pamba, kigunzi cha hindi, bonge la samadi kavu. Minyaa tu ndiyo iepukwe, kwani utomvu wake huunguza macho.

Achaguaye aangalie mambo machache. Kandirinya ya zaidi kidogo ya nusu lita yamtosha mtu mmoja. Watu watatu au wanne wachukue ya lita moja na nusu, na wasichukue kandirinya mbili. Aluminiamu ni nyepesi, nayo ni kheri kwa mtu wa miguu, lakini huingia mibonyeo upesi. Chuma kisichoshika kutu ni kizito kidogo na hudumu. Mpini uwe wa kushika mbali na mdomo wa dohani, kwa kuwa miali hutoka juu. Kizibo cha mdomo kitolewe kabla ya moto kuwashwa, la sivyo mvuke utakirusha pamoja na maji yenye kuchoma, na chombo kisiwashwe kitupu, maana viungo vyake vitaachana. Mapungufu yake ni kwamba hakipiki ugali, na msafiri wa siku nyingi atahitaji sufuria ndogo ya kutenga juu ya dohani.

Chombo hiki huletwa kutoka ng'ambo kwa bei ambayo mchungaji wa Kishapu au mchimbaji wa Nyarugusu hawezi kuitoa. Lakini mafundi bati wa masoko yetu, wanaokunja mabati kuwa majiko, ndoo na vihenge vya nafaka, hawakosi ujuzi wa kazi hii. Shida yao itakuwa kwenye ule mshono wa ndani unaokutana na moto, ambao risasi ya kawaida ya kulehemu haitauhimili na tena haifai kugusana na maji ya kunywa. Fundi atakayeupata mshono huo, ama kwa kuchomelea ama kwa kukunja bati mara mbili na kuligonga likakaza, atakuwa ametengeneza birika la kwanza lililokusudiwa kuni za Usukuma kama zilivyo leo.