Nyumba Iliyofundishwa Kupokea Tu

Miaka ya 1910, katika mabanda ya magari ya matajiri wa miji ya Marekani, kulikuwa na chombo cha kioo kilichotoa mwanga wa kibuluu kila kilipofanya kazi. Kilikuwa rektifaya ya mvuke wa zebaki, uvumbuzi wa Peter Cooper Hewitt wa mwaka 1902, na General Electric iliwauzia wenye magari ya umeme ya Baker na Detroit Electric. Clara Ford, mke wa Henry Ford mwenyewe, aliendesha Detroit Electric wakati mumewe akiijaza nchi magari ya petroli. Kazi ya chombo hicho ilikuwa kuupokea mkondo geu wa mtaani na kuutoa ukiwa mkondo mnyoofu, maana betri haikubali mwingine. Kiliweza kwa sababu ya maumbile yake: ndani ya mvuke ule umeme hupita upande mmoja, na njia ya kurudi haipo. Leo viwanda vinauza chaja za pande mbili, zinazoujaza umeme kwenye gari usiku na kuurudisha nyumbani gridi inapokatika, na mazungumzo mengi yanahusu gari lenyewe: betri yake, bei yake, programu yake. Ukiifuata historia utaona kwamba sehemu ngumu ilikuwa nyumba. Waya za nyumbani zilibuniwa zikiamini kwamba umeme una mlango mmoja wa kuingilia, na imani hiyo iliingia katika fyuzi, mita, breka na kanuni. Kuiandaa nyumba kwa chaja ya pande mbili ni kuiondoa imani hiyo, na kazi yenyewe iko kwenye meni swichi zaidi kuliko kwenye banda la gari.

Imani hiyo haikuwa upumbavu. Kituo cha Pearl Street cha Thomas Edison kilipowashwa huko Manhattan tarehe 4 Septemba 1882, kilikuwa na wateja wasiofika 100, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na kitu cha kuurudishia umeme. Waliotunga kanuni za kwanza walikuwa wanaogopa moto. Huko London, chama cha wahandisi wa simu za maandishi na umeme kilitoa kanuni zake mwaka huohuo wa 1882. Marekani ilipata kanuni yake ya taifa mwaka 1897, ikiwa imesukumwa sana na kampuni za bima. Dawa ya moto ilikuwa fyuzi. Na fyuzi huwekwa kwa kufuata mtiririko: kubwa mwanzoni, ndogo kila njia inapogawanyika, kila moja ikilinda waya ulio mbele yake. Mpangilio huo una akili nyingi, ila una sharti moja ambalo halikuandikwa mahali popote, nalo ni kwamba “mbele” haibadiliki.

Kuna kipindi nyumba nyingi za mashambani huko Marekani zilijaribu njia nyingine. Kuanzia 1916 Charles Kettering, mtu yuleyule ambaye stata yake ya umeme ya mwaka 1912 ilisaidia kuyaua magari ya umeme, aliwauzia wakulima mtambo ulioitwa Delco-Light: injini ndogo, jenereta, na safu ya betri za vioo zenye volti 32. Kilichobaki kununua kilikuwa waya, na fundi aliyezifunga alijua kwamba chanzo kiko hapohapo uani. Katikati ya miaka ya 1930 ni takriban shamba moja kati ya kumi lililokuwa na umeme wa laini. Shirika la serikali la kupeleka umeme vijijini lilipoundwa mwaka 1935, nguzo zikasogea, na nyumba za Delco zikabadilishiwa taa na vifaa vyote, kwa kuwa volti 32 na volti 120 hazikai nyumba moja. Kwa wenye nyumba hayo yalikuwa maendeleo, na sioni sababu ya kuwalaumu. Lakini ndipo nyumba ya shamba nayo ilipoacha kuwa chanzo na kuwa mteja.

Jenereta zilizobaki kwa ajili ya siku za dhoruba ndizo zilizoonyesha hatari ya kubadili mwelekeo bila kubadili waya. Transfoma iliyo juu ya nguzo haijui nani muuzaji na nani mnunuzi. Inashusha volti 7,200 za laini ya kijijini hadi 240 za nyumbani. Ukiichomekea 240 kutoka upande wa nyumba, itaipandisha hadi 7,200 kwa utiifu uleule. Mwenye jenereta anayeiunganisha kwenye soketi ya ukutani ili awashe friji anaupeleka umeme huo hadi mkononi mwa fundi wa laini anayeamini kwamba waya umekufa. Jibu lilikuwa swichi ya kubadilishia, ile mafundi wetu wanayoiita chenjiova, ambayo kwa umbo lake hairuhusu vyanzo viwili kugusana. Wasomaji wa Unguja waliopitia miezi ya giza kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, wakati kebo ya baharini kutoka Bara ilipokufa, hawahitaji kuelezwa chombo hicho. Kinachostahili kuangaliwa ni mahali pake. Hakikufungwa kwenye jenereta. Kilifungwa kati ya mita na mgawanyo wa nyumba, mahali pekee ambapo nyumba nzima inaweza kutengwa na dunia kwa mkono mmoja.

Hapa mtu atauliza: je, paneli za jua hazikwisha kumaliza suala hili? Sheria ya Marekani ya mwaka 1978 ilizilazimisha kampuni za umeme kununua nishati ya wazalishaji wadogo, na mwaka uliofuata msanifu majengo Steven Strong, huko Massachusetts, aliunganisha paneli na gridi akaiona sahani ya mita ikizunguka kinyumenyume umeme ulipozidi. Minnesota ikaufanya utaratibu huo kuwa sheria mwaka 1983. Kenya imetoa kanuni zake za mita ya namna hiyo mwaka 2024. Ni kweli kwamba umeme ulitoka nje ya nyumba. Ila ulitoka kwa ruhusa ya gridi na kwa kuifuata gridi. Inveta ya kawaida ya jua imeagizwa kujizima mara gridi inapozimika, ili isimuue fundi yule wa nguzoni. Ndiyo maana nyumba yenye paneli darini na isiyo na betri hukaa gizani saa sita mchana, jambo linalowakera sana wenye nyumba wasioambiwa mapema. Jua liliufungua mlango wa kutokea. Halikuilazimisha nyumba kujibu swali gumu zaidi, yaani kusimama peke yake, na kwa sehemu zipi.

Gari ndilo lililoleta swali hilo. Willett Kempton na Steven Letendre waliandika mwaka 1997 kwamba magari ya umeme, ambayo muda mwingi yameegeshwa, yanaweza kuwa chanzo kwa kampuni za umeme, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ndogo ya California, AC Propulsion, ilithibitisha jambo hilo kwa gari linalotembea. Halafu pakatulia. Ilihitajika Japani, na msiba. Tetemeko na tsunami ya tarehe 11 Machi 2011 viliiangusha mitambo ya Fukushima, na kuanzia tarehe 14 eneo la Tokyo likawekwa kwenye mgawo. Kaskazini petroli iliadimika, na sehemu nyingi umeme ulirudi mapema kuliko mafuta, hivyo magari ya umeme ya Nissan na Mitsubishi yaliyopelekwa huko yalizunguka wakati mengine yamekauka. Mtu aliyekaa kwenye nyumba yenye giza huku gari lenye betri kubwa limeegeshwa nje hakuhitaji mhadhara wa Kempton. Mwaka uliofuata Nissan ilianza kuuza mfumo wa Leaf to Home, na chombo chake cha ukutani kilitengenezwa na Nichicon: kilowati 6, kikinyonya kwenye tundu la gari la kuchaji haraka na kulisha mgawanyo wa umeme wa nyumba. Betri ya Leaf ilikuwa ya uniti 24, ya kutosha nyumba ya kawaida ya Kijapani kwa siku kama mbili.

Kwa nini Japani iliweza mapema hivyo? Sababu ninayoiona haitajwi sana: nyumba za Kijapani ni ndogo kwa umeme. Kampuni ya umeme ya Tokyo imezoea kuwauzia watu wa majumbani mikataba ya ampea 10 hadi 60 kwa volti 100. Mwenye ampea 40 anaruhusiwa kilowati 4 tu siku yoyote, gridi ikiwa hai, na amezoea kuzima hita kabla ya kuwasha oveni. Chombo cha kilowati 6 kinaibeba nyumba hiyo yote. Nyumba mpya ya Marekani yenye ampea 200 kwa volti 240 imejengewa njia ya kilowati 48 na hutumia takriban uniti 30 kwa siku. Huwezi kuliambia gari liibebe yote; lazima uchague, na waya zake hazikuwahi kupangwa kwa kuchagua. Gari lilikuwa lilelile. Leaf iliuzwa Marekani tangu mwishoni mwa 2010 ikiwa na tundu la aina hiyohiyo, lakini Nissan iliidhinisha chaja ya kwanza ya pande mbili kwa Leaf nchini humo mwaka 2022 tu. Atakayesema kwamba dhamana ya betri na uzito wa soko vilichangia yuko sahihi. Lakini vizuizi hivyo havielezi kwa nini Ford, mwaka huohuo wa 2022, ilipotoa gari la F-150 Lightning lenye betri ya uniti 98 au 131 na uwezo wa kutoa kilowati 9.6, ililazimika kuuza pamoja nalo inveta, swichi ya kutenga nyumba na kazi ya fundi.

Tazama hesabu ya baa ya shaba iliyo ndani ya boksi la breka, maana hapo ndipo imani ya 1882 inapogeuka kuwa namba. Chini ya njia inayotumika sana katika kanuni ya Marekani, baa inayolishwa kutoka ncha zake mbili inaruhusiwa kubeba jumla ya asilimia 120 ya uwezo wake. Baa ya ampea 200 inapata 240. Breka kuu inachukua 200, zinabaki 40. Sasa kilowati 9.6 kwa volti 240 ni ampea 40 kamili, lakini kanuni inataka chanzo kihesabiwe kwa asilimia 125, hivyo unahitaji 50. Chaja ya nguvu hiyo ikifanya kazi bega kwa bega na gridi, haiingii katika boksi ambalo mwenye nyumba aliuziwa kama kubwa kuliko atakavyowahi kuhitaji. Uingereza iligundua jambo la karibu zaidi na mkono. Baadhi ya breka zenye ulinzi wa mkondo unaovuja zina sehemu za kielektroniki zinazotarajia umeme kutoka upande mmoja; zikilishwa kutoka upande wa pili zinaweza kuungua na kubaki bila ulinzi, huku kwa macho zikionekana nzima. Marekebisho ya kanuni ya waya yaliyotolewa Julai 2024 yalilazimika kutofautisha breka za upande mmoja na za pande mbili. Miaka 142 baada ya kanuni ya kwanza ya London, ndipo lile sharti lisiloandikwa lilipoandikwa.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni la subira. Viwango bado vinasogea: lugha mpya ya mawasiliano kati ya gari na chaja, ISO 15118-20, ilitolewa mwaka 2022, tundu la kuchaji la Kijapani linazidi kuachwa nje ya Japani, na watengenezaji hawajakubaliana kama inveta ikae ndani ya gari au ukutani. Kwa nini mtu aandae waya kwa kifaa ambacho baada ya miaka mitano kitakuwa kingine? Pingamizi hili lina nguvu dhidi ya kununua chaja, wala sina hamu ya kumshawishi mtu anunue mapema. Halina nguvu dhidi ya kuandaa nyumba, kwa sababu yale nyumba inayoyahitaji hayajabadilika tangu jenereta ya kwanza: nafasi ya swichi ya kuitenga nyumba yote karibu na mita, baa yenye uwezo wa ziada, bomba tupu lenye upana wa kutosha kutoka kwenye boksi hadi kwenye gari, breka zisizodhurika zikilishwa kinyume, ethi ya nyumba yenyewe isiyotegemea ya kampuni ya umeme, na njia chache za lazima zilizotengwa na zile za anasa. Wapo watakaosema jenereta ni rahisi zaidi, na kwa asiye na gari la umeme ni kweli tupu. Lakini naye anahitaji swichi hiyohiyo. Wengine wanaogopa kuichosha betri. Kulisha nyumba siku chache za dhoruba kwa mwaka ni kidogo ukilinganisha na kuendesha gari mwaka mzima. Kuuza umeme kwa gridi kila jioni ni shauri lingine, na hapo hofu yao ina msingi.

California imeyaandika haya katika kanuni ya ujenzi inayotumika tangu Januari 2023. Kanuni hiyo iliwalenga wenye betri za ukutani, ila nyumba haitofautishi betri ya ukutani na yenye magurudumu. Nyumba mpya ya familia moja lazima iwe na nafasi ya swichi ya kutenga karibu na boksi kuu, na angalau njia nne za umeme zilizochaguliwa tangu mwanzo, miongoni mwake ya friji, ya taa iliyo karibu na mlango wa kutokea, na ya soketi ya chumba cha kulala. Baa yake haitakiwi kupungua ampea 225. Rudia hesabu ya asilimia 120 kwa baa hiyo: unapata 270, toa 200 za breka kuu, zinabaki 70, na zile 50 za gari zinaingia bila kubanana. Tofauti ya ampea 25 katika kipande cha shaba, ikiamuliwa siku boksi linaponunuliwa, haimwumizi mjenzi. Anayeumia ni mwenye nyumba ya zamani, ambayo kanuni haikuigusa, atakapoambiwa avunje boksi zima kwa ajili ya ampea hizo.