Kitabu kilichookolewa na madeni

Siku moja ya mwaka 1764, jijini Paris, Denis Diderot alifungua karatasi zilizokwisha kupigwa chapa ili aangalie makala fulani ya herufi S katika Ensaiklopidia aliyokuwa anaihariri. Aliisoma, akairudia. Haikuwa ile aliyoipitisha. Aya zilikuwa zimenyofolewa, na maneno makali yamelainishwa mpaka hayana ladha. Akafungua nyingine, na nyingine, na hali ni ileile. Aliyekata alikuwa mpiga chapa wake mwenyewe, André Le Breton. Kila Diderot alipomaliza kusoma prufu ya mwisho na kuiidhinisha, Le Breton na msimamizi wa karakana yake walishika kalamu upya na kufuta chochote walichoona kingewaponza. Kwa masimulizi ya Grimm, rafiki wa Diderot, miswada yenyewe ilikuwa imeshachomwa moto. Diderot alilia kwa hasira, akamwandikia barua kali, halafu akarudi mezani kuendelea na kazi.

Zama za Mwangaza tumezoea kuzisimulia kwa majina makubwa. Hutajwa Voltaire, Rousseau na Montesquieu, kisha Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789, kana kwamba fikra zilitoka vichwani mwa watu zikaenda barabarani zenyewe. Mimi huona ni heri kuanza na Le Breton. Fikra zile zilipita karakanani kwake, kwenye karatasi iliyonunuliwa kwa fedha ya wateja waliolipa kabla ya kuona mzigo.

Ensaiklopidia ya Ufaransa haikuanza kama uasi. Mwaka 1745 Le Breton alitaka tu kutoa tafsiri ya kamusi ya Mwingereza Ephraim Chambers, juzuu 2 zilizotoka London mwaka 1728 na kuuzika vizuri. Miaka miwili baadaye kazi ikawa mikononi mwa Diderot na mwanahisabati Jean d'Alembert. Diderot, mtoto wa mfua visu wa mji wa Langres, alikuwa anaishi kwa kutafsiri vitabu na alihitaji mkate. Mikononi mwake tafsiri ikageuka kitu kingine. Mwaka 1749 alifungwa katika ngome ya Vincennes kwa sababu ya maandishi yake mengine, na waliokwenda kumwombea ni wachapishaji. Bila mtu huyu, walisema, tutafilisika. Alikaa humo miezi mitatu na ushei.

Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1751. Ndani yake, chini ya kichwa cha mamlaka ya kisiasa, Diderot aliandika kwamba hakuna binadamu aliyepewa na maumbile haki ya kuwaamuru wenzake. Hayo yalichapishwa kwa kibali cha mfalme anayetawala, wanasema, kwa neema ya Mungu! Kwingine walitumia ujanja. Mwisho wa makala juu ya watu wanaokula watu, msomaji anaelekezwa atazame pia "Ekaristi". Hapakuwa na maelezo zaidi. Mkaguzi aliyesoma haraka haoni kitu, ila msomaji anacheka peke yake.

Lakini kilichojaza kurasa nyingi ni kazi za mikono, na hapo ndipo ninapomwona mtoto wa mfua visu. Chukua pini, kitu cha kushikizia nguo. Makala yake ya mwaka 1755 inaifuata hatua 18. Waya wa shaba unanyooshwa na kukatwa, ncha inachongwa kwenye jiwe linalozunguka, kichwa kinasokotwa kwa waya mwingine na kugongwa kikae, hadi pini zipakwe bati na kuchomekwa kwenye karatasi. Adam Smith alipoandika juu ya kiwanda cha pini mwaka 1776 alitaja kazi 18 hivihivi, na wanahistoria wengi wanaona aliitoa huko. Kabla ya hapo ni wasomi wangapi walimpa mtengeneza pini heshima ya makala nzima?

Maadui hawakulala. Mwaka 1752 juzuu mbili za kwanza zilipigwa marufuku. D'Alembert alichoka akajitoa, na Machi 1759 kibali chenyewe kikafutwa. Mwaka huohuo Papa Clement XIII naye akailaani. Hapo ndipo deni lilipofanya kazi ambayo falsafa isingeweza. Serikali iliamuru kila mteja arudishiwe livre 72. Wachapishaji wakaomba deni hilo lihesabiwe kuwa malipo ya juzuu za picha, wakakubaliwa. Juzuu za maneno zikaendelea kutayarishwa chinichini. Kuangamiza kitabu kungeangamiza mtaji wa watu wengi, na wakubwa walilijua hilo. Mkuu wa ukaguzi wa vitabu, Malesherbes, aliwahi kumtumia Diderot ujumbe kwamba kesho ataamuru karatasi zake zikamatwe. Nizifiche wapi kwa usiku mmoja? akauliza Diderot. Zilete kwangu, akajibu Malesherbes, huku hakuna atakayekuja kupekua. Ndivyo alivyosimulia binti yake Diderot.

Aliyebeba mzigo mzito miaka hiyo ni Louis de Jaucourt, mtu asiyeimbwa sana, aliyeandika karibu robo ya makala zote 70,000 na zaidi. Aliuza nyumba yake apate kuwalipa makarani, na mnunuzi akawa Le Breton. Ni Jaucourt aliyeandika, katika juzuu ya 16, kwamba biashara ya kununua Waafrika inavunja dini, maadili na haki zote za binadamu, na kwamba afadhali makoloni yaangamie. Juzuu hiyo ilitoka mwaka 1765. Hata hivyo, Septemba 1776 Mfaransa mmoja, Morice, alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa: watumwa 1,000 kila mwaka, piastra 20 kwa kichwa na 2 za zawadi kwa Sultani. Bara hadi pwani walitembezwa kwa miguu, kisha kuvushwa bahari kwenda visiwa vya Wafaransa. Fedha iliyokiokoa kitabu haikuwa na mapenzi na kilichoandikwa ndani yake.

Juzuu 10 za mwisho za maneno zilitoka kwa mkupuo, zikidai zimechapwa Neuchâtel, Uswisi. Le Breton, pamoja na woga wake wote, alituma nakala Versailles bila ruhusa na akalala Bastille kama wiki moja.

Katika karne ya 20 iliibuka seti ya Ensaiklopidia iliyokuwa ya Le Breton mwenyewe. Ilikuwa na juzuu moja ya ziada. Ndani yake mlikuwa na prufu alizozikata, zenye alama za kalamu, zimejalidiwa vizuri na kutunzwa.